Kadi ya Ng'washi

Kwa miaka ishirini na saba Felisita na Mayige hawakusalimiana. Kwa Wasukuma, watu wa kijiji kimoja kupishana njiani kimya ni zaidi ya kutukanana.

Felisita alipangiwa zahanati ya Zagayu akitokea Malampaka, muuguzi mwenye watoto wawili na asiyetaka wa tatu. Enzi hizo mama wa watoto sita alionekana ndiyo kwanza ameanza. Waliotaka kupumzisha uzazi walimjia wakisingizia malaria. Ng'washi, mke wa Mayige, alikuja hivyo, ana tisa. Alichomwa sindano mara mbili. Mara ya tatu mumewe alimtangulia mlangoni, akaichukua kadi yake mezani, akaichana, akasema mwanamke wa watoto wawili hana cha kumfundisha mtu mwenye mji wake.

Ng'washi alibeba mimba ya kumi. Alijifungulia nyumbani, akatokwa damu, akafa kabla mkokoteni wa ng'ombe haujafika barabarani. Msibani Mayige alitangaza kwamba sindano ndizo zilizoozesha kizazi cha mkewe, na Felisita akafukuzwa mbele ya wanawake aliowazalisha mwenyewe.

Aliomba uhamisho, kisha akaufuta kwa hasira. Wanawake walirudi, kwanza kwa mlango wa nyuma, baadaye kwa foleni. Hata wake za wana wa Mayige waliwekewa vijiti vya uzazi wa mpango mikononi. Walizaa watatu, wanne, wakasimama hapo.

Mwaka jana, kwenye mkutano wa kijiji, Mayige alilalamika kwamba pamba inapasuka shambani na hakuna mikono ya kuichuma. Akamnyooshea Felisita fimbo.

"Huyu ndiye aliyetumalizia watoto."

Felisita aliinuka. Hakupandisha sauti.

"Watoto wapo, baba. Aliyekwisha ni Ng'washi, na kadi yake uliichana wewe."

Mwenyekiti alirukia haraka habari za kisima. Mayige aliketi, wanawe wakimtazama. Habari ya kadi walikuwa hawajawahi kuisikia. Msimu huo hakuna hata mmoja wao aliyekwenda kumlimia.

Felisita amestaafu sasa, na bado anaishi Zagayu. Majirani walipomsihi amsamehe mzee, kwa kuwa amebaki peke yake, aliwajibu kwamba Ng'washi naye yuko peke yake, akaendelea kuchambua mchele.