Mvua ya Pili Ndiyo ya Sabuni

Kazi yangu ni kuzitia molekuli majini na kuzitazama zikijipanga zenyewe. Zina matawi kama mti. Upande mmoja unapenda maji, upande mwingine unayakimbia na kutafuta mafuta. Ukizitia majini, pande zinazoyaogopa hukimbilia katikati na zinazoyapenda hubaki nje, na kufumba na kufumbua unapata vidonge vidogo visivyoonekana kwa macho, vyenye tumbo la kubebea dawa. Hakuna anayezisukuma. Watu wakiniuliza nilijifunza wapi, nataja chuo. Ukweli ni kwamba nilianzia mtaa wa Ng'ambo, hapa Tabora, kwenye sufuria ya mama yangu, maana sabuni nayo hujipanga hivyo hivyo.

Mama alipika sabuni ya maji kwa mawese yanayokuja na treni kutoka Kigoma na maji yaliyochujwa kwenye majivu ya magunzi. Ujuzi, na sufuria yenyewe, alivipata kwa bibi yake, aliyeletwa Tabora akiwa mgongoni mwa mamaye, kwa njia ya misafara ya zamani. Nilipopata kazi ya kudumu, jambo la kwanza nililomfanyia lilikuwa kumchimbia kisima uani. Majirani walikuja kukiona. Nilivimba kichwa, sifichi.

Mwaka wa pili baada ya kisima nilikuja likizo, kiangazi. Nikakuta sufuria kubwa imefunikwa kifudifudi nyuma ya jiko.

"Shikamoo Mama. Sufuria ina nini?"

"Marahaba mwanangu. Naiuza. Mpika pilau wa harusini anakuja Ijumaa kuichukua."

"Unaiuza? Na sabuni je?"

"Sabuni imenikataa."

Akanionyesha chupa. Ndani mlikuwa na utando mweupe na vipande vipande, kama maziwa yaliyokatika. Wateja walikuwa wamezirudisha, mmoja mmoja, kwa adabu. Nilipandwa na hasira ambayo sikujua nimpe nani. Nikaona uzee umempotezea ustadi wa mkono, na kwamba ni bahati yake amezaa mtaalamu. Ilikuwa Jumatano.

Alhamisi asubuhi nilichekecha majivu, nikapima mawese kwa mizani, nikatumbukiza kipimajoto. Mama alikaa kwenye kigoda akichambua mchicha. Rojo lilitoka zuri, la rangi ya asali, linateleza vidoleni. Nikamwambia, "Umeona? Ni vipimo tu." Nikafungua bomba la kisima, nikazimua nusu ya rojo kwenye ndoo, nikaenda kuoga.

Niliporudi, ule utando mweupe ulikuwa unaelea juu ya ndoo. Nilirusha mwiko ukagonga ukuta. Mama akauokota, akaufuta vumbi, akaniambia nikachemshe chai.

Nilipofunua birika nikaona ganda jeupe limeshika ndani, gumu, limepanda mpaka kwenye mdomo. Nikakaa chini palepale jikoni. Kule maabara, mwanafunzi akiniletea jaribio lililoharibika, swali langu la kwanza ni moja: umetumia maji gani? Nimewahi kumfokea mtu mzima kwa sababu ya swali hilo. Kwa mama yangu sikuliuliza. Maji ya kisima changu yalikuwa na chokaa, na chokaa huvikamata vile vichwa vya sabuni vinavyopenda maji. Sabuni ikishakamatwa haijipangi tena, inabaki utando.

Nikatoka mbio hadi duka la vipuri, nikanunua maji ya betri, yale yaliyosafishwa ya kuongezea. Muuzaji akaniuliza gari gani. Nikamjibu sufuria. Nikazimua rojo lililobaki kwenye bakuli, nikalitikisa kwa kiganja. Likatakata kama chai ya rangi, na povu likapanda hadi kwenye kifundo cha mkono.

"Mama! Si mkono wako, ni maji!"

Hakuinua uso. "Najua."

"Unajua?"

"Bibi alinifunza. Mvua ya kwanza huosha bati, mvua ya pili ndiyo ya sabuni. Kabla ya hiki chako, sikuwahi kupikia sabuni maji ya kisima maisha yangu yote."

Kumbe mapipa yake ya mvua alikuwa ameyagawa kwa majirani wiki ile kisima kilipokamilika.

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Akaweka mchicha chini. "Umenichimbia kisima, mtaa mzima umekuja kukiona. Niseme maji ya mwanangu ni mabaya?"

Nilishika mkono wake wenye harufu ya mchicha nikalia, kwa aibu, na kwa kumpenda. Alikuwa tayari kuipoteza sufuria ya bibi yake kuliko kunivunja moyo mimi, mwenye kelele zote hizi.

Ijumaa mpika pilau alikuja na mkokoteni. Nilimwambia mwenyewe kwamba sufuria haiuzwi, nikamtuliza kwa kikombe cha chai. Kisha nikapita nyumba kwa nyumba kuomba mapipa yetu, nikieleza kila mlango kwamba kisima changu hakifai kwa sabuni. Watatu walicheka, wote walirudisha. Tuliyapanga chini ya bati, mvua ikiwa bado miezi mingi.

Mama akayatazama, halafu akakitazama kisima.

"Chako tutakunywa," akasema. "Chai yake tamu."