Bibi Alipofuata Jua Lake kwa Sista

Enzi zetu kule Kilolo, miaka ya themanini, niliamini kuliko nilivyoamini katekisimu kwamba vile vioo vyeusi juu ya bati la Sista wa zahanati vinanyonya jua la kijiji kizima. Kabla ya vioo hivyo Sista alikuwa mtu wa gesi: taa gesi, friji la chanjo gesi. Lakini masika lori la mitungi lilizama matopeni mpaka likaota uyoga. Wakaja mafundi, mitungi ikaondoka, vioo vikapanda.

Mwaka huohuo baridi ya Julai ikaja na ukungu mzito, ng'ombe wakawa wanagongana njiani. Mahindi ya bibi, chakula chetu cha mwaka mzima, yakaanza kuvunda uani. Tuliyageuza na kuyageuza, vidole vimekufa ganzi, wapi!

"Jua letu liko kwa Sista," bibi akatangaza. Akajitwisha ungo, sisi nyuma na magunia.

"Kamwene, Sista," bibi akamsalimu kwa Kihehe. "Nimefuata jua langu."

Sista alicheka mpaka akashika mlango. "Karibu, bibi. Likikutosha, niachie kidogo la friji."

Bibi akaanika uwanjani pale, chini ya vioo kabisa. Haikupita wiki, mahindi yanalia kama kokoto! Basi kijiji kizima kikahamia kwa Sista na nyungo zake. Wagonjwa wakawa wanaruka mahindi kwenda kudungwa sindano. Mwaka ule hakuna aliyelala njaa.

Juzi nimeuondoa mtungi wa gesi kwa mama, maana ukiisha ni safari mpaka Iringa mjini. Sasa anapika, anapiga pasi, anachemsha maji ya kuoga, yote kwa sola. Wajukuu wake hawajui kugeuza mahindi. Chaji ya simu ikipungua wanalia kama wamefiwa. Na siku hizi kila bati lina jua lake, hakuna anayemfuata jirani na ungo kichwani.

Nikamwonyesha mama, kwa fahari ya mtu aliyemaliza shule ya jioni: "Mahindi utaanika hapa, chini ya paneli. Ndipo jua linapokusanyika, kama kwa Sista."

Mama akaniangalia kwa huruma.

"Baba," akasema, "kwa Sista uwanja ulikuwa wa saruji. Kwetu ulikuwa udongo mbichi."