Thamosi Nyuma ya Pazia

Usiniambie ati ilikuwa mchezo tu! Juzi nimeona televisheni kama ile ya kina Kamau kwa fundi huko Nanyuki, roho ikaniuma tena.

Tulikuwa watoto, majirani. Kamau alikuwa ameketi kwao sebuleni, ananukia mandazi. Mimi nilikuwa nje dirishani, miguu matope. Kwa televisheni watu walikuwa wanashindania thamosi ya chai iliyofichwa.

"Iko nyuma ya pazia," nikanong'ona, nilipoona kifuniko chake kinachungulia.

"Nyuma ya pazia!" Kamau akapiga kelele. Pazia ikafunguliwa, makofi yakalia. "Umeona, wewe? Wananipigia mimi!"

Nikaamini kabisa. Nikajua thamosi italetwa kwa mamake Kamau, na mama yangu alikuwa anabeba chai ya kunywa shambani kwa chupa imezibwa na gunzi.

Leo najua hakuna mtu wa televisheni alitusikia. Lakini niambie wewe: nani aliiona kwanza?