Shikamoo ya Mume Wangu

Mume wangu aliniamkia shikamoo asubuhi moja ya baridi, ukungu umejaa uani hadi zizi halionekani. Nilikuwa nimechuchumaa nakamua. Akaja akasimama nyuma yangu, mikono ameikunja mbele kwa adabu, akasema, "Shikamoo, mama."

Nikacheka. "Hee, baba, leo umeamkia ubavu gani?"

Hakucheka. Alisimama pale pale akisubiri niitikie, kama kijana aliyelelewa vizuri anavyomsubiri mtu mzima, na machoni mwake hamkuwa na utani hata kidogo. Mkono wangu ukaacha kukamua wenyewe. Ng'ombe akageuza shingo kunitazama.

"Acha hizo," nikamwambia. "Mimi mke wako."

"Samahani, mama," akasema, akaondoka taratibu akaenda kukaa kwenye jiwe tunalonolea visu.

Huku kwetu Mbulu shikamoo si mchezo. Mtoto asiyeamkia anachapwa, na mkubwa asiyeitikia anasemwa mpaka kanisani. Lakini mume hamwamkii mkewe, hata siku moja. Tangu ujana yeye alikuwa ananiita "binti wa Nambis", kwa sababu mimi nimezaliwa Nambis na yeye ni wa kijiji hiki cha Daudi. Tumezaa, tumepata wajukuu, bado naitwa binti wa Nambis, na wakwe wananicheka. Sasa leo shikamoo mama! Nilijiapiza palepale kwamba sitaitikia. Siku nitakayomjibu marahaba, nitakuwa nimekubali kwamba mume wangu ameondoka na huyu niliyebaki naye ni kijana wa watu. Mimi ni mbishi, wanaonijua wanajua. Nilitaka aniite binti wa Nambis hata mara moja kabla hajafa, basi. Sikuomba kingine.

Watu wazima wa wilaya hii wanamjua kama Namba Tano. Alikuwa beki wa kati wa timu ya wilaya, mrefu, shingo nene, na kona ikipigwa alikuwa anapanda juu kuliko wote. Mpira wenyewe ulikuwa wa ngozi, wa kushonwa kwa mkono, na mvua za kwetu hazina huruma. Ukilowa unakuwa mzito kama boga. Yeye aliupiga kwa kichwa tu. Asubuhi mazoezi, jioni mazoezi, Jumapili mechi. Siku nyingine alirudi na mishono ya mpira imechoreka kwenye paji la uso, nikawa naifuata kwa kidole, tunacheka. Jamani, tulikuwa tunacheka.

Baadaye yalikuja maumivu ya kichwa, kisha hasira zisizo na sababu, kisha akaanza kupotea njia ya kisimani. Nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana wa kuja, katokea mikoa ya mbali huko, mpole, akaniamkia vizuri. Akauliza, "Mama, mzee alikuwa anacheza namba ngapi?" Nikaona huyu naye ni mshabiki tu. Kumbe ndicho chanzo alichokuwa anatafuta. Akaniambia ubongo umekaa ndani ya fuvu kama kiini ndani ya yai, na la mume wangu lilitikiswa miaka mingi. Dawa ya kumtuliza ipo, ya kumrudisha haipo.

"Akikuamkia, mama, itikia tu," akasema. "Ukimbishia unamtisha."

"Wewe umeoa?" nikamuuliza.

"Bado, mama."

"Basi oa kwanza."

Nilimjibu vibaya, na yeye hakunikosea. Lakini ningefanya nini? Nilitoka pale nimemshika mume wangu mkono, naye ananishukuru njiani kwa kumsaidia, ananiambia Mungu anibariki mimi na watoto wangu.

Sasa nieleze kilichonitoa usingizi, maana ugonjwa peke yake ningeuzoea.

Kila jioni, saa ambayo mechi huanza, alikuwa anakaa kwenye kiti chake cha kamba, halafu anacheza. Hainuki. Anacheza kwa shingo na mabega na macho. Macho yanafuata kitu kinachopita hewani juu ya mahindi yangu, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, hata mimi nikawa nageuka kuangalia. Halafu anakaza shingo, anapiga kichwa hewa tupu. Na mara nyingine, haki ya Mungu, nilisikia. Ule mlio wa ngozi iliyolowa. Pu! Nikajiambia ni kuku kadondoka darini, na mimi sina dari.

Jioni moja akaacha kucheza katikati. Akatazama pembeni kwa muda, akasema, "Tumebaki kumi. Tisa katoka."

Namba tisa wao alioa Basotu, akahamia huko ziwani, hatukumwona miaka mingi. Kesho yake simu ikaja. Na yeye alikuwa amepoteza akili, kumbe, na familia yake ilificha. Alitoka nyumbani jioni ile, wakamkuta kwenye matete kando ya ziwa, viatu vyake vya zamani vya mpira kavifunga shingoni. Nilimtazama mume wangu, naye alikuwa anamenya kiazi, ametulia kabisa.

Msibani nilikutana na winga wao wa kushoto. Yule aliyekuwa anakimbia mpaka kofia za mashabiki zinadondoka leo anatembea kwa magongo mawili, magoti yameisha. Kichwa chake lakini ni kizima. Akanivuta pembeni. "Shemeji, na kipa wetu kule Nambis mikono inamtetemeka, chai haifiki mdomoni. Hata wanawe mwenyewe hawatambui. Na kila jioni anapiga kelele."

"Anasema nini?"

"Nitakupigia, utasikia mwenyewe."

Akapiga wiki ile ile, akiwa nyumbani kwa kipa. Nikaweka simu kwenye spika, juu ya meza, karibu na bakuli la mboga. Mume wangu alikuwa anakula ugali. Kwenye simu nilisikia mtu anahema, kisha sauti ya mzee, kali ajabu, "Acha! Wangu!"

Mume wangu akainamisha kichwa haraka, kama mtu anayempisha kipa. Tonge limebaki mkononi. Halafu akasema polepole, akiwa hatazami simu wala mimi, "Safi, kipa."

"Tokeni, mabeki!" ikasema simu.

Na mume wangu akasogeza kiti mbele.

Nilizima ile simu kwa ngumi, nikaivunja kioo. Nikalia, na nikamtukana winga ingawa hakuwepo kusikia. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Wazee wawili, mmoja Daudi, mwingine Nambis, kuna vilima katikati, na wako kwenye uwanja mmoja.

Winga akaja mwenyewe kwa bodaboda, magongo kayabana kwapani. Akaniambia jambo ambalo mume wangu hakuwahi kuniambia. Kabla ya fainali yao na watu wa Hanang, kamati ya ufundi iliwaita. Kila timu ina kamati ya ufundi, msinitazame hivyo, na kila mtu anajua ufundi wenyewe ni upi. Waliletewa mganga wa mbali. Akataka kila mchezaji achomoe kamba ya kiatu cha mazoezi, aifunge fundo kwa mkono wake, aitie kwenye chupa. Ilikuwa ile chupa ya mdomo mpana inayowekewa peremende dukani. Ikazibwa kwa nta ya nyuki, ikafukiwa nyuma ya goli. Waliingia uwanjani kinyumenyume. Na mganga akawaonya, "Mkishinda, fukueni kabla jua halijazama, kila mtu afungue fundo lake. Msipofungua, mechi haitaisha."

Walishinda. Alifunga mume wangu, kwa kichwa, kwenye kona. Watu wakawabeba mabegani mpaka mjini, pombe zikamwagika, kondoo akachinjwa, na hakuna aliyekumbuka chupa. Winga alikumbuka baada ya siku nyingi, akaona aibu kusema, akaenda zake kulima.

"Mjinga wewe," nikamwambia.

"Ndiyo, shemeji."

Mimi ni Mkristo. Nilijua anachosema daktari ni kweli, na mpira wa ngozi nimeushika kwa mikono hii. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Nilikuwa nimeamkiwa shikamoo asubuhi ngapi, na kila asubuhi nanyamaza, na kila asubuhi anaondoka ameinamisha kichwa kama amekosea. Nikasema, "Twende tukafukue."

Tulienda asubuhi, kipa kaletwa kwa bajaji amefunikwa blanketi. Ukungu ulikuwa mzito, mtu anaona jembe lake tu. Shida ni kwamba uwanja si ule tena. Shule ilijenga madarasa, magoli yakageuzwa, na pale pa zamani pamelimwa maharage. Mwalimu mkuu alituruhusu, akajifungia ofisini kwake. Winga akazunguka na magongo yake, hapa, hapana, pale, hapana. Tukachimba mahali pawili, mawe matupu.

Mume wangu, ambaye jana yake alishindwa kuonyesha mlango wa chumba chetu, akageuka akayapa maharage mgongo. Akaanza kutembea kinyumenyume kuingia kwenye maharage. Hakujikwaa. Mahali fulani aliinua mguu mmoja, kisha wa pili, akavuka kitu ambacho sisi hatukukiona. Akazidi kurudi nyuma, ukungu ukamla miguu, kisha kifua, tukabaki tunasikia majani tu. Halafu akaita, "Hapa." Sauti ilikuwa ya kijana. Winga akaanza kusali kwa Kiiraqw.

Chupa ilikuwepo, nzima, nta imekuwa nyeusi. Tukaipasua kwa jembe. Zile kamba zilikuwa ndani, zimeviringishana, na zilitoa harufu ya jasho. Jasho la vijana, jamani, baada ya miaka yote hiyo.

Winga alifungua fundo lake kwa meno, akakaa chini akalia. Kisha akafungua la kipa kwa niaba yake, maana kipa asingeweza. Na hapa sisemi uongo, niliangalia kwa macho yangu. Mikono ya kipa ikatulia. Ililala juu ya blanketi, kimya, muda wa kumaliza kikombe cha chai. Baadaye ikaanza tena, na daktari nilipomsimulia alisema hayo hutokea. Sawa. Lakini mimi nilikuwepo, nikasema kumbe inawezekana. Nikamgeukia mume wangu.

Alikuwa ameokota cha kwake. Hakikuwa kamba. Kilikuwa kipande cha pindo la kanga, chekundu, kimefungwa fundo moja kubwa. Nilikijua kabla sijakikaribia. Siku moja ya mazoezi kamba ya kiatu chake ilikatika, na mimi, msichana niliyesimama kwenye mstari wa uwanja na wenzangu, nilichana pindo la kanga yangu kwa meno mbele ya watu wote nikampa. Mama alinichapa kwa ajili ya ile kanga. Ndivyo tulivyoanza, mimi na yeye. Kwa hiyo miaka yote hiyo na mimi nilikuwa mle ndani ya chupa, nimefungwa fundo, nyuma ya goli.

"Fungua, baba," nikamwambia. "Fungua."

Akakigeuza-geuza. Akakinusa. Kisha akaja mpaka mbele yangu, akakunja mikono kwa adabu na kile kitambaa kikiwa ndani yake.

"Shikamoo, mama," akasema.

Nikanyamaza kama siku zote. Alikuwa na neno la kuniambia, niliona linamjaa mdomoni, lakini kijana aliyelelewa vizuri hasemi na mtu mzima kabla hajaitikiwa. Ukungu unapita kati yetu. Angesimama hivyo mpaka jioni, namjua. Winga akasema, "Shemeji, tafadhali."

"Marahaba," nikasema.

Uso wake ukafunguka. Miaka mingapi sijauona uso ule! "Mama, wewe unatokea Nambis?"

"Ndiyo."

"Kuna binti wa Nambis," akasema, na akatabasamu akatazama chini kwa haya. "Hiki ni chake. Siwezi kukifungua, si changu. Nimemtafuta pale kwenye mstari leo, simuoni. Unamfahamu?"

"Namfahamu."

Akaniwekea kile kitambaa kiganjani, na fundo lake, akanikunjia vidole juu yake kimoja kimoja ili kisidondoke. Mikono yake ilikuwa ya moto.

"Mfikishie, mama. Mwambie mechi haijaisha. Anisubiri."

"Nitamwambia, mwanangu," nikasema.