Mfungo wa Uhamisho

Nikiukumbuka ule mfungo wetu wa Balambala, mji mdogo wa wafugaji kule kaskazini, naona haya hadi leo. Tulikuwa walimu sita wa kutoka bara, wote Wakristo, na dua yetu ilikuwa moja tu: Mungu atutoe huku. Kila Jumapili tulikutana darasani, tukapanga barua za kuomba uhamisho mezani na kuziombea tukiwa tumeweka mikono juu yake. Mungu tuliyemwomba alikuwa kama bosi wa makao makuu, mwenye faili la kila mtu, anayetafuta kosa ili apate sababu ya kukunyima.

Muhula ule, naibu wa mwalimu mkuu, aliyetuongoza katika maombi, alitangaza siku tatu za kufunga. Atakayekula, alisema, atawafungia wenzake mlango.

Siku ya pili njaa ilinishinda. Nilijipenyeza kwenye hoteli moja nyuma ya soko, nikanywa chai ya maziwa ya ngamia, vikombe viwili, na anjera, ule mkate mwembamba wa Kisomali, juu yake. Nikafuta mdomo, nikarudi kuomba. Mungu alikuwa ameniona, hilo sikulitilia shaka, na mungu wa aina ile unamtuliza kwa kumpelekea mkosaji mwingine.

Nilimpata jioni ile ile. Mwenzetu, mwalimu wa sayansi, alikuwa amekwenda kumpa pole mama mwenye nyumba aliyopanga, aliyekuwa amefiwa na mamake. Nilipopita langoni nilimsikia yule mama akimsihi, "Mwalimu, wewe kula kidogo tu. Wallahi leo usikataa." Akala, wali na nyama ya mbuzi.

Kesho yake naibu alipouliza kama kuna aliyevunja mfungo, mimi ndiye niliyenyoosha kidole. Walimpigisha magoti kwenye saruji, wakamzunguka kama mwizi aliyeshikwa sokoni. Naibu alimtaka akiri kwamba ameuza baraka zetu kwa sahani ya wali.

"Nilikula na mfiwa," alisema, basi.

Nyani haoni kundule, wanasema. Mimi langu nililiona vizuri, na bado nilimkemea kwa sauti kubwa kuliko wote. Naichukia sauti ile. Namchukia na yule mungu niliyekuwa nampigia kelele, maana nilimchonga mwenyewe kwa woga wangu.

Wiki mbili baadaye barua ya uhamisho ikaja, yangu peke yangu. Nilisimama nikatoa ushuhuda kwamba Bwana hutenda tukiondoa uchafu kati yetu. Watu wakapiga makofi. Mwalimu wa sayansi hakuwapo. Alikuwa ameacha kuja.

Asubuhi ya kuondoka, ni yeye tu aliyekuja stendi kuniaga. Nilimwambia yote, hoteli, chai, anjera. Hakushtuka.

"Mwenye hoteli alikuwa ameshaniambia, ndugu," akasema. "Pale nilipopiga magoti, nilikuwa namwomba Mungu akusitiri."