Bolti ya Eksozi Niliyoikata Mimi

Siku ile kibandani tulikuwa wanne: mimi, mwalimu mwenye pikipiki, jirani yangu mchomeleaji, ambaye kibanda chake kimepakana na changu, na mdogo wangu wa kike anayenifuata, aliyekuja kuniletea chakula cha mchana. Wa tano alikuwa Iringa. Huyo ni mzee aliyenifundisha kazi, na alikuwepo kwa sauti tu, ndani ya simu. Nawataja wote kwa sababu kwa muda mrefu nimejisimulia habari hii kana kwamba nilikuwa peke yangu.

Nilikuwa kidato cha pili wazazi wetu walipofariki, mama akitangulia, baba akimfuata kabla mwaka haujaisha. Nyuma yangu walikuwa wadogo zangu watatu. Niliacha shule nikazunguka gereji za Iringa mjini kuomba kazi, na kila nilipoingia niliambiwa nikajifunze kusuka nywele. Gereji ya mwisho ilikuwa ya mzee, kwenye njia ya kwenda Tosamaganga. Alinitazama mikono.

"Unaogopa kuchafuka?"

"Siogopi."

"Basi lete spana namba kumi."

Nilikaa kwake miaka sita. Mkewe alikuwa akisonga ugali mkubwa kuliko mahitaji yao, kisha ananifungia nusu nipeleke nyumbani, na hakuna siku aliyoniuliza kama tumepata mboga. Mboga ilikuwa imo humo humo. Tulihamia Mbeya baadaye, shangazi yetu alipotupatia chumba Ilomba, nami nikafungua kibanda changu.

Katika yote aliyonifundisha mzee, moja alilirudia mpaka nikalichoka. Bolti inayoshika eksozi, yaani bomba la moshi, kwenye injini haivutwi ikiwa baridi. Hukaa penye moto na matope, ikishika kutu inang'ang'ania alumini kama imezaliwa nayo. Kwa hiyo unawasha injini ipate joto, unazima, unagonga kichwa cha bolti taratibu, unatia dizeli, unasubiri. Kisha unaizungusha kidogo mbele, kidogo nyuma, huku unahesabu ili mkono usikimbie. Yeye alihesabu kwa Kihehe, kwa sauti. Sisi si Wahehe, lakini nilijua kuhesabu Kihehe kabla sijajua kufungua kabureta.

Mwalimu alifika asubuhi ikielekea adhuhuri. Alikuwa amehamishiwa Mbeya kutoka Iringa si muda mrefu, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kwangu. Eksozi ilikuwa inavuja, pikipiki inanguruma kama mashine ya kukoboa mpunga, na jioni ile alitakiwa Ubaruku kwenye kikao cha mahari ya mpwa wake.

"Dada fundi, nifanyie haraka. Nikichelewa watamtoa mtoto wetu kwa mbuzi mmoja."

Akavuka barabara kwenda kunywa supu. Nilitazama saa. Sikuwasha injini. Sikutia dizeli. Nilishika spana, nikachomeka kipande cha bomba kwenye mpini wake ili nipate nguvu, nikavuta. Bolti ililia *ka!* mara moja tu, na kichwa chake kikabaki ndani ya spana. Nilipoinua macho, mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la wali.

Chuma kilichokatika sasa hivi hung'aa. Kilichokatika zamani huwa cheusi. Nilichota grisi chafu, nikachanganya na vumbi, nikapaka juu ya kisiki cha bolti kilichobaki. Hilo ndilo linaloniaibisha kuliko mengine, kwamba nilifanya vizuri, kama kazi nyingine yoyote.

Naweza kusema niliogopa. Ni kweli wapo wateja wanaoniuliza "Fundi yuko wapi?" nikiwa nimesimama mbele yao na spana mkononi, na bolti moja iliyokatwa na mwanamke husimuliwa kuliko kumi zilizokatwa na wanaume. Lakini sikufikiria hayo wakati ule. Nilifanya tu tunachofanya mafundi wote. Mteja akija, tunatikisa kichwa na kuuliza, "Nani alishika hii mashine kabla yako?" Hatutafuti jibu. Fundi aliyepita hayupo kujitetea, kwa hiyo kila kosa ni lake.

Mwalimu alirudi akichokonoa meno.

"Vipi, tumepona?"

"Mwalimu, nani alikufungia hii eksozi?" nikasema. "Bolti ilishakatika zamani. Kichwa walikiegesha tu wakufumbe macho."

"Haiwezekani! Aliyeifunga ni mzee mmoja wa Iringa, njia ya Tosamaganga. Yule mzee anafunga bolti huku anahesabu kama mtoto wa chekechea."

Mdogo wangu aliweka bakuli chini. Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Maneno yalikuwa mafupi na mwalimu alikuwa mtu wa kucheka. Badala yake nikasema, "Hata wazee wanachoka, mwalimu."

"Ngoja tumuulize mwenyewe." Akapiga simu, akaiweka sauti kubwa juu ya tangi.

"Kamwene, mzee!" akasalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, mwalimu. Mbeya kuna baridi?"

"Baridi si kitu. Bolti ya eksozi imekatikia ndani. Fundi wa huku anasema ulinifungia ikiwa imeshakatika."

"Fundi gani huyo?"

"Dada mmoja, yuko hapa Ilomba."

Upande wa mzee nilisikia mtu akigonga bati, kisha kugonga kukakoma.

"Mpe simu."

Niliinama karibu na tangi. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Sauti haikubadilika. "Uliipasha moto kwanza?"

Mwalimu alikuwa ananitazama. Mchomeleaji naye alikuwa amesogea, miwani yake ameipandisha kwenye paji la uso.

"Nimeikuta imeshakatika, baba."

Akavuta pumzi. "Basi itakuwa ni mimi. Mwalimu, unanisikia? Nisamehe. Macho yangu siku hizi yananidanganya. Mwache huyo binti afanye, kazi anaijua." Kisha akaniambia, kama zamani nikiwa nimechuchumaa pembeni yake: "Chomeleeni nati juu ya kisiki. Chuma kikiwa bado cha moto, kiguse na mshumaa, nta inywewe na nyuzi za bolti. Na usiwe na haraka."

"Ndiyo, baba."

"Usiwe na haraka," akarudia, akakata simu.

Mwalimu akatoka nje kuwapigia ndugu zake wa Ubaruku. Mchomeleaji alisugua kisiki kwa brashi ya waya, grisi yangu ikatoka, chuma kikawaka. Akakitazama, akanitazama mimi.

"Bolti ya zamani hii," akasema polepole, "lakini inang'aa kama jino la dhahabu. Ndaga, fundi wangu, asante. Leo umenifundisha kazi."

"Chomelea," nikamwambia.

Akachomelea. Niligusisha mshumaa, nta ikayeyuka na kuzama kandokando ya chuma, moshi mweupe ukapanda. Niliishika nati kwa spana, mbele kidogo, nyuma kidogo, nikihesabu kimoyomoyo. Nilifika saba, bolti ikalegea. Kisiki kilitoka chote na kutu yake, na nyuzi za hedi ya injini zilibaki salama. Mwalimu alipiga makofi, akaniita daktari, na baada ya nusu saa alikuwa njiani kwenda Ubaruku na pikipiki isiyopiga kelele.

Tulipobaki wawili, mdogo wangu alikuwa anakusanya vyombo. Wali sikuugusa.

"Dada," akasema, "na mimi nikivunjikia mikononi mwako, utawaambia watu ulinikuta hivyo?"

Nilianza kuokota spana. Yeye ndiye aliyekuwa akifungua kile kifurushi cha ugali tulipokuwa Iringa, kwa kuwa mimi nilikuwa nikirudi na mikono michafu.

Pasaka iliyofuata nilikwenda Iringa. Nilimkuta mzee ameketi, hana pikipiki mbele yake hata moja, anasafisha kabureta iliyokwisha kuwa safi. Zamani walimu wa shule zote za karibu walikuwa wateja wake.

"Walimu hawaji siku hizi," alisema. "Yule mwalimu wako amewapigia wenzake simu. Amewaambia macho yangu yamekwisha."

Nilimwambia yote, na ile grisi nikamwambia. Hakuacha kusugua.

"Nilijua uliponiamkia shikamoo. Miaka yote wewe hunisalimia kamwene."

"Kwa nini ulikubali, baba?"

"Ningekukana mbele ya mteja wako? Ungekula nini?" Akapuliza kabureta, akaitazama kwenye mwanga. Macho yake hayakuwa na kasoro yoyote. "Mimi umeshaniambia kweli, yetu yamekwisha. Lakini mimi sikudanganywa, mwanangu. Aliyedanganywa ni mwalimu."

Mkewe alitupakulia chakula. Nilikula kwa shida, na nilipoondoka aliniongezea viazi kwenye mfuko.

Mwalimu anakaa mwendo wa dakika kumi kutoka kibandani kwangu. Wiki iliyopita alikuja kubadilisha oili akiwa na mwenzake aliyehamia karibuni, naye akitokea Iringa. Yule mgeni aliuliza kama kuna haja ya kutafuta fundi mpya huku, maana likizo huwa anarudi kwao Iringa na pikipiki yake, angeweza kuitengeneza huko.

"Kule usiguse," mwalimu akamwambia. "Kuna mzee mmoja aliniharibia injini, huyu dada ndiye aliyeniokoa. Muulize mwenyewe."

Wote wawili wakanigeukia. Nilikuwa nimeshika faneli, oili inashuka. Nilingoja iishe, nikafunga kifuniko, nikafuta mikono.

"Karibuni sana," nikasema.

Walipoondoka nilibaki nimesimama barabarani, nikijua nyumba ya mwalimu, nikijua njia ya kufika, nikijua hata maneno yenyewe ya kumwambia. Deni la mzee bado ninalo lote.