Mtaa Wangu Unaogopa Mabuti Yangu

Leo ni Jumapili, tarehe 8 Machi 2015. Ni miezi mitano tangu nitoke mara ya mwisho nyumbani, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na miaka kumi na moja tangu nitoke Kivu Kusini, Kongo. Admin, ficha jina langu lakini usipunguze maneno. Nina miaka arobaini na mbili, mke na watoto. Shule niliiacha darasa la sita, mnivumilie.

Ninafanya kazi Mbarara kwa daktari wa mifugo, mama Munyankole, mwenyeji wa huku Uganda, anayetafiti magonjwa. Mimi humkamata nguruwe kwa kamba ya pua na kumshikilia wakati Daktari anamtoa damu shingoni, halafu naosha mabuti kwa dawa. Yeye alianza zamani na vidudu ambavyo kupe huingiza kwenye damu ya ng'ombe. Ananiambia ujana wake wote ulipita akiinamia darubini. Baadaye akaenda ng'ambo kusoma virusi. Sasa anatafuta kitu kimoja tu: kipimo cha tone la damu kinachotoa jibu pale pale bandani. Homa ya nguruwe haina chanjo wala tiba. Damu ikisafiri mpaka maabara, jibu linarudi nguruwe wameshakufa.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani mapumziko, nikakuta nguruwe wa jirani yetu, shemasi wa kanisa, amelala na masikio yamekuwa mekundu. Kwetu nguruwe akiugua hasubiriwi afe. Anachinjwa upesi, kila nyumba inapata kipande, na maji yaliyooshea nyama wanapewa nguruwe wengine. Niliwaomba wamzike. Shemasi akaniuliza, kama mimi ninakula mshahara, yeye ale nini, ushauri wangu? Watu wakacheka, nami nikacheka kidogo kwa aibu. Nyama ikagawanywa.

Haukupita mwezi, mabanda yote yakawa matupu, na letu pia. Hakuna aliyetaja nyama. Walisema ugonjwa niliuleta mimi kwenye mabuti, kwa sababu nashinda na nguruwe wagonjwa wa watu. Kweli nilifika nimeyavaa, maana sikuwa na viatu vingine, ila nilikuwa nimeyaosha.

Niliporudi Mbarara nilimuuliza Daktari, nikitumaini atasema hapana. Tulikuwa tunakula nyuma ya maabara. Akaweka sahani chini, akaniita bwana kwa lugha yao.

"Sebo, inaweza kuwa ile nyama. Inaweza kuwa viatu yako. Mimi siwezi kukudanganya."

Ndugu zangu, jibu hilo ndilo ninalolala nalo. Angenidanganya ningemshukuru. Nimepanga chumba Kakoba, hapa hapa Mbarara, kati ya vijana wa boda boda. Ni watu wema, lakini wakitaniana kwa Kinyankole mimi nacheka nikiwa nimechelewa. Jumapili naimba nyimbo zetu peke yangu, sauti ya kwanza tu, ya pili hakuna wa kunishikia. Mtoto wangu mdogo nikimpigia simu ananisalimia kama anavyomsalimia mgeni.

Sasa akina mama wa kanisa wamenunua nguruwe wapya Rugaaga. Mke wangu amepewa jike mmoja. Akizaa, mtoto jike wa kwanza anapelekwa kwa mama mwingine, hivyo hivyo mpaka wote wapate. Lakini yeye wamempa sharti: mume wake asikanyage pale mpaka nguruwe azae. Aliniambia kwenye simu akiwa analia, kwa Kiswahili chetu cha Kongo.

"Baba Neema, siyo mimi ndiye nakukataza. Nakukumbuka mingi. Lakini ukikuya, bamama batabeba nguruwe yabo, na batoto batakula nini?"

Wakati huo huo Daktari amepata kipimo chake, anataka kukijaribu mtaani kwetu kabla ya Pasaka. Anasema bila mimi watu hawatamfungulia banda, na wakikataa atapeleka kazi fasi nyingine. Nikienda, iwe naye au peke yangu, mke wangu anaweza kunyang'anywa nguruwe siku hiyo hiyo. Nisipokwenda, homa ikirudi watachinja tena na kugawana tena, na mtu wa kulaumiwa wanaye tayari. Na kipimo hicho hakiwezi kusema mwaka jana ilikuwa nyama au ni mimi. Hilo sitalijua mpaka nife.

Wanaume wenzangu, na ninyi akina mama hasa, nipeni neno: niende na Daktari, au niende peke yangu kama mume na baba? Kutokwenda nimekataa. Nimenunua kandambili ambazo hazijawahi kukanyaga banda lolote, nimezifunga kwenye mfuko.

Mama Neema, mtu akikusomea haya, weka beseni la maji ya sabuni njiani, mbele ya watu wote. Nitanawa miguu kwanza, ndipo niwasalimie. Ninarudi Jumamosi, tarehe 4 Aprili, mkesha wa Pasaka.